Kuwatambua na Kuwahesabu Vitatange wa Mwambani: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Maski na Snokeli

Vitatange ni wale samaki bapa wa njano, weupe na weusi, wenye mwili wa mviringo na mdomo uliochongoka, wapitao wawili wawili juu ya matumbawe kana kwamba wamefungwa uzi mmoja. Wengi hawazidi sentimita 20. Mvuvi hawajali sana kwa kuwa nyama yao ni kidogo, na mgeni huwapiga picha akaenda zake. Wanastahili zaidi ya hapo. Ukijua kitatange gani yuko mwambani, anakula nini na yuko na nani, umeshajua mengi kuhusu uhai wa tumbawe lenyewe, na kwa hilo huhitaji mtungi wa hewa wala shahada ya chuo kikuu.

Familia yao inaitwa Chaetodontidae, na ina spishi zipatazo 130 duniani, nyingi zikiwa katika Bahari ya Hindi na Pasifiki. Kinachowatenganisha ni chakula. Wako wanaokula polipi, yaani vijiumbe hai vinavyojenga tumbawe, na karibu hawali kingine. Tumbawe likifa, nao huisha. Wako wanaodonoa polipi lakini pia hula minyoo, anemoni na mwani, na hawa huvumilia. Wako pia wanaokula viumbe vidogo vinavyoelea majini, ambao hawaligusi tumbawe kabisa. Mnamo 1981 mwanabiolojia Ernst Reese wa Hawaii alitoa hoja kwamba wale wa kundi la kwanza wanaweza kutumiwa kama kipimo cha afya ya mwamba. Hoja hiyo imejadiliwa sana tangu wakati huo, na kwa maoni yangu inasimama kwa sharti moja: usijumlishe vitatange wote kwa idadi moja. Watenge kwa chakula chao, kisha uhesabu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki anayeogelea vizuri na anayeweza kurudi mahali palepale mara kwa mara.

Hatua ya 1: Chagua mahali pamoja, padogo, na upashikilie

Ukienda Mnemba leo, Mafia mwezi ujao na Watamu mwakani, utafurahi sana lakini hutajua mabadiliko ya mwamba wowote. Chagua sehemu unayoweza kuifikia kwa gharama ndogo. Mtu wa Dar es Salaam anazo Bongoyo na Mbudya, ambazo ni maeneo tengefu tangu 1975. Unguja kuna Chumbe, ambako mwamba wa upande wa magharibi umefungwa kwa uvuvi tangu 1994. Mafia kuna Ghuba ya Chole, ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa 1995, ya kwanza Tanzania. Kenya kuna Watamu na Malindi, zilizotangazwa 1968, kuna Kisite karibu na Shimoni, na kuna Kuruwitu katika Kaunti ya Kilifi, ambako wavuvi wenyewe walitenga sehemu ya mwamba wao mwaka 2005. Nawaheshimu sana watu wa Kuruwitu kwa uamuzi ule, maana walijinyima kabla ya kuona faida.

Ukiweza, chagua sehemu mbili zenye kina kinacholingana, moja iliyofungwa na moja inayovuliwa. Tofauti baina yao itakufundisha zaidi ya sehemu moja pekee. Kwa snokeli, kina cha mita 2 hadi 5 kinatosha. Weka alama za nchi kavu za kukurudisha palepale, kwa mfano mnara ukipangana na mnazi fulani upande mmoja, na ncha ya kisiwa ikipangana na jengo upande wa pili. Wavuvi wa ngalawa hupata mafungu yao kwa njia hiyo, na ukimwomba mmoja wao akusaidie kuchagua alama utapata bora kuliko za kwako. Simu yenye ramani ya satelaiti nayo ni msaada, lakini iwe ya ziada.

Ndani ya hifadhi, lipa ada ya kuingia na uwaambie walinzi unachofanya. Nje ya hifadhi, mwone kwanza mwenyekiti wa BMU ya kijiji, yaani kikundi cha usimamizi wa pwani na uvuvi, umsalimie, umweleze, kisha uingie majini. Mtu anayeonekana akiandika andika juu ya mwamba bila kujitambulisha hutiliwa shaka, na ni haki yao kuuliza. Ukikusudia utafiti rasmi wa kuchapishwa, kuna vibali vya tume za sayansi na teknolojia: COSTECH kwa Tanzania Bara, NACOSTI kwa Kenya, na Zanzibar ina utaratibu wake.

Hatua ya 2: Panga siku kwa maji, si kwa kalenda ya kazi

Hapa ndipo wengi hupoteza safari. Maji yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti baina ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Maji mengi kiasi hicho yakipita kwenye mlango wa mwamba huleta mkondo ambao mwenye snokeli hawezi kushindana nao, na huinua mchanga hadi usione mbele.

Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji mafu huja mwezi ukiwa nusu, kwenye tarehe 7 au 8, na tena 22 au 23, za mwezi wa Kiislamu, au siku moja mbili baadaye. Pwani yetu ina bahati katika hili. Wakati wa bamvua maji hufika kilele karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka, kujaa kukaangukia katikati ya asubuhi, mkondo ukiwa dhaifu na jua likiwa limeshapanda vya kutosha kumulika mwamba. Basi siku zako ni hizo za maji mafu. Ingia saa moja hivi kabla ya maji kujaa, utumie ule muda yanaposimama, na utoke yanapoanza kuvuta. Thibitisha saa kwenye jedwali la maji la bandari iliyo karibu, kwa sababu hupishana kati ya mahali na mahali.

Kwa majira, kaskazi ya Desemba hadi Machi huleta maji maangavu zaidi. Kusi ikikaza, hasa Juni hadi Agosti, mwamba wa upande wa bahari kuu haufai. Wakati wa masika mito humwaga tope, Sabaki kwa watu wa Malindi na Rufiji kwa watu wa Mafia, na siku hizo unaweza kuelea juu ya mwamba usiouona. Kama huwezi kurudi zaidi ya mara mbili kwa mwaka, chagua Februari na Oktoba, na kila mwaka iwe miezi hiyohiyo.

Saa ya kuhesabu ni kati ya saa tatu asubuhi na saa nane mchana. Vitatange ni samaki wa mchana. Usiku hujificha kwenye nyufa na rangi zao hufifia.

Hatua ya 3: Vifaa

Maski isiyovuja, snokeli, mapezi ya miguuni. Shati la mikono mirefu linakulinda na jua na konyeza, na linapunguza haja ya kujipaka mafuta ya jua, ambayo mengine yana kemikali zenye madhara kwa matumbawe. Kibao cha plastiki nyeupe kilichosuguliwa kwa msasa, na penseli iliyofungwa kwa kamba. Saa inayostahimili maji. Tepu ya mita 50 kama mpo wawili au zaidi.

Jambo moja la maski halisemwi vya kutosha: majini kila kitu huonekana kikubwa kwa karibu theluthi moja kuliko kilivyo. Kitatange wa sentimita 12 utamwona wa 16. Chora rula ya sentimita 10 kwenye ukingo wa kibao, uitazame mara kwa mara ukiwa majini ili jicho lizoee.

Hatua ya 4: Jifunze samaki wachache kwanza, tena kwa mpangilio huu

Usianze na orodha ndefu. Chukua spishi nane au kumi, uzijue hata zikipita kwa mbali, kisha uongeze. Nitatumia majina ya kisayansi kwa sababu wavuvi huita karibu wote kitatange, na daftari linahitaji jina linalotenganisha.

Anza na wanaokula matumbawe hai, kwa kuwa ndio roho ya kazi hii. *Chaetodon trifasciatus* ndiye wa kwanza kumtafuta. Ana umbo la yai, mwili wa manjano hafifu wenye mistari myembamba ya zambarau inayokwenda kwa ulalo wa mwili, na rangi ya chungwa kwenye shina la mkia. Hufika sentimita 15, na karibu kila mara ni wawili. *Chaetodon trifascialis* ni mrefu kidogo kwa umbo, mweupe, mwenye mistari ya V iliyolazwa na mkia mweusi kwa aliyekomaa. Huyu ndiye mchaguzi wa chakula kupita wote: hutegemea Acropora, jenasi moja ya matumbawe magumu, hasa yale yaliyotandaa mfano wa meza, na hulilinda tumbawe lake kwa ukali. Ukimwona, angalia chini yake. Meza haiko mbali. *Chaetodon meyeri* ana mikanda myeusi iliyopinda kwenye mwili wa buluu-nyeupe, na pindo za njano. Hakuna wa kumchanganya naye katika maji yetu, na kwa macho yangu ndiye mzuri kuliko wote.

Kisha waje wanaochanganya chakula. *Chaetodon auriga* ni mweupe mwenye mafungu mawili ya mistari ya mshazari inayokutana, nyuma yake njano, na pezi la mgongoni lina uzi mrefu unaoelea na doa jeusi chini yake. Utamkuta hata mahali palipobaki vifusi na mchanga, akidonoa minyoo. *Chaetodon vagabundus* ana mistari ya namna hiyo lakini hana uzi wala doa. Badala yake ana mkanda mweusi unaoshuka nyuma ya mwili na mwingine mkiani. *Chaetodon lunula* ana kinyago cheusi machoni, mkanda mweupe nyuma yake, na bega jeusi lililopakana na njano. Huyu ni wa peke yake kwa tabia: mchana mara nyingi hutulia chini ya mwamba, na hula zaidi usiku. *Chaetodon kleinii* ni wa njano iliyokolea kahawia, na sehemu ya mbele ya mwili imefifia. Hula matumbawe laini na vijidudu vinavyoelea, na utamwona mahali pengi. *Chaetodon guttatissimus* ni mdogo, sentimita 12, mweupe aliyenyunyiziwa vidoa vyeusi mwili mzima. *Chaetodon lineolatus* ni jitu lao, hufika sentimita 30, mweupe mwenye mistari myembamba ya wima na mwezi mweusi uliopinda chini ya pezi la mgongoni kwa nyuma.

Sasa kuna watatu wanaosumbua hata wazoefu, kwa kuwa wote ni wa njano na wote wana doa jeusi ubavuni juu. Wapambanue hivi. *Chaetodon bennetti* ana doa kubwa lililozungukwa na pete ya buluu, na mistari miwili ya buluu inayotoka nyuma ya kichwa na kupinda kuelekea tumboni. Mistari hiyo ya buluu ikionekana, mjadala umekwisha. *Chaetodon interruptus* ana doa bila pete wala mistari ya buluu, lakini ana utepe mweusi unaopita pindo la nyuma la pezi la mgongoni, shina la mkia na pezi la chini. *Chaetodon zanzibarensis* ni mdogo zaidi, sentimita 12 hivi, doa lake ni dogo, na ubavuni ana mistari hafifu ya kulala. Huyu ni wetu hasa: anapatikana magharibi ya Bahari ya Hindi tu, na alielezwa kisayansi mwaka 1867 na Robert Lambert Playfair, aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar. Hupenda vichaka vya matumbawe yenye matawi, na vichaka vikivunjwa huwa vigumu kumpata. Ukimkuta, kaa naye kwa muda.

Nje ya jenasi ya Chaetodon, watambue wawili. *Forcipiger flavissimus* ni wa njano mwenye mdomo mrefu mwembamba wa kufikia ndani ya nyufa, nusu ya juu ya kichwa nyeusi na ya chini nyeupe. *Heniochus acuminatus* ni mweupe mwenye mikanda miwili mipana myeusi, uzi mweupe mrefu mgongoni na mkia wa njano. Huyu huchanganywa na *Zanclus cornutus*, ambaye si kitatange kwa familia ingawa ana uzi kama huo. Angalia mkia: wa Zanclus ni mweusi.

Kuna kundi jingine la kulitenga. Samaki wa familia ya Pomacanthidae ni wa rangi kali vilevile, na wavuvi wengi huwaita vitatange pia. Wana mwiba ulionyooka kwenye pembe ya kifuniko cha mashavu, ambao vitatange wa Chaetodontidae hawana. Usiwaingize kwenye hesabu hii.

Watoto wa samaki hawa huwa na sura iliyo karibu na ya wazazi, ila wengi wana doa jeusi la mviringo nyuma ya mwili lifananalo na jicho, huku jicho la kweli limefichwa na mkanda mweusi. Waandike kando na wakubwa. Kitatange mdogo wa sentimita 3 ni habari kubwa kuliko mkubwa wa 15, kwa sababu mayai yao huchukuliwa na maji ya bahari na vichanga wanaoanguliwa huelea muda mrefu kabla ya kutua. Akitua na kubaki, mwamba umempokea.

Hatua ya 5: Ingia taratibu

Usiingie peke yako hata kama mahali unapajua tangu utoto. Ukifika juu ya mwamba, elea bila kufanya lolote kwa dakika 5. Samaki hutawanyika mtu anapotumbukia, na hesabu ya dakika za mwanzo ni ya uongo. Ogelea kwa mapezi ya polepole, usimfuate samaki moja kwa moja. Mpitie ubavuni kwa mshazari, naye atakuacha umkaribie hadi mita 2.

Usisimame juu ya tumbawe, usilishike, na usiwape samaki mkate. Mkate huleta samaki wakorofi wanaowafukuza vitatange na kuharibu tabia unazotaka kuzitazama. Mwambie nahodha atie nanga mchangani au afunge kwenye boya, na usione haya kumwambia mara mbili.

Hatua ya 6: Hesabu

Kuna njia mbili. Kama uko na mwenzako mmoja bila tepu, tumia kuogelea kwa muda: dakika 30 kwa mwendo uleule, kina kilekile, mkiandika kila kitatange aliye ndani ya mita 2.5 kila upande. Ni njia nyepesi na inafaa sana kwa mtu anayeanza, mradi mwendo usibadilike kutoka safari moja hadi nyingine.

Mkiwa na tepu, itandazeni mita 50 kwa kufuata kina, kisha mwondoke hapo kwa dakika 10 ili samaki warudi. Mmoja aogelee juu ya tepu akihesabu upana wa mita 5. Mita 50 kwa 5 ni mita za mraba 250, na idadi kwa eneo hilo inaweza kulinganishwa na ya mtu mwingine popote. Tandazeni tatu au nne, zisigusane. Mpango wa kimataifa wa Reef Check, ulioanza upimaji wake 1997, hutumia utepe wa mita 100 wenye vipande vinne vya mita 20, upana wa mita 5, na vitatange wamo katika orodha yake. Ukikuta kikundi chenye mafunzo hayo karibu nawe, jiunge nao.

Hesabu samaki aliye mbele yako tu. Akitokea nyuma akakupita, mwache. Kibao kiwe na safu za spishi, na kila tukio liandikwe kwa alama: *1* kwa aliye peke yake, *2* kwa jozi, *m* kwa mtoto. Hivyo jozi tatu na mpweke mmoja wa trifasciatus vinasomeka "2 2 2 1", na hilo ni bora kuliko "7".

Hatua ya 7: Mfuate mmoja

Kuhesabu kunakupa idadi. Kumfuata mmoja kunakupa maisha yake. Hii ndiyo sehemu nzuri ya kazi, nami naomba usiiruke hata kama muda ni mfupi.

Chagua samaki mmoja wa spishi unayoijua, umfuate kwa dakika 3 kutoka umbali asiokujali. Andika kila mdonoo na mahali ulipotua: tumbawe gumu, tumbawe laini, au kwingine kama mchanga, mwani na mwamba mfu. Fanya hivyo kwa samaki watano wa spishi ileile. Utaona trifasciatus akisogea kutoka tumbawe moja hadi jingine, akidonoa mara chache kila mahali bila kuliua, kwa kuwa anachukua polipi chache na kuendelea. Auriga yeye atakuzungusha mchangani. Baada ya miaka miwili ya kumbukumbu za namna hii, utaona kama samaki wale wale wanalazimika kudonoa mahali pengine.

Tazama pia jozi. Spishi nyingi huishi mke na mume katika eneo lao kwa miaka. Wakitenganishwa na mwamba au na samaki mkubwa, mmoja hupanda juu ya matumbawe akazunguka hadi mwenzake amwone. Mpweke wa spishi inayoishi kwa jozi, akionekana safari baada ya safari, ni jambo la kuandika.

Na andika ugomvi. Kitatange anayelinda chakula chake huinamisha kichwa, husimamisha miiba ya mgongoni, na humfukuza mgeni. Mwaka 2016, bahari ilipopata joto na matumbawe kupauka, timu iliyoongozwa na Sally Keith ilikuwa ikiwatazama vitatange wa spishi 38 katika miamba 17 ya Bahari ya Hindi na Pasifiki. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kwamba ugomvi ulipungua kwa theluthi mbili baada ya kupauka. Chakula kilipokuwa duni, kukipigania hakukulipa tena nguvu iliyotumika. Samaki walikuwa bado wapo, ila tabia yao ilikuwa imeshabadilika. Mwenye kuhesabu vichwa tu asingeona kitu. Ndiyo maana nasisitiza zile dakika 3.

Hatua ya 8: Andika tumbawe lenyewe

Kila mita 5 ya njia yako, tazama chini ya kidole ulichokielekeza bila kuchagua, uandike kilichopo: tumbawe gumu hai, lililopauka, lililokufa na kuota mwani, tumbawe laini, mchanga, au vifusi. Lililopauka ni jeupe pe lakini bado lina uhai, na linaweza kupona joto likishuka mapema. Lililokufa huota uzi wa mwani ndani ya wiki chache. Usiyachanganye haya mawili. Andika Acropora peke yake, yenye matawi na yenye umbo la meza, kwa kuwa ndiyo chakula cha wala matumbawe na ndiyo hufa mapema joto likizidi.

Hatua ya 9: Soma daftari lako kwa uangalifu

Kumbuka historia ya maji haya. Mwaka 1998 joto la El Niño lilipausha matumbawe pwani nzima, na sehemu nyingi za Kenya na Tanzania zilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe hai. Kupauka kukarudi 2016, na tena 2024. Kwa hiyo mwamba unaouanza leo huenda ni mwamba unaopona, na hesabu yako ya kwanza si kipimo cha jinsi ulivyokuwa zamani. Waulize wazee waliovua hapo kabla ya 1998, uandike maneno yao pembeni.

Mfano wa kusoma: jumla ya vitatange haijabadilika kwa miaka mitatu, lakini trifascialis ametoweka, trifasciatus wamebaki wapweke, na auriga na kleinii wameongezeka. Jumla inasema hali ni shwari. Spishi zinasema chakula cha wala matumbawe kimekwisha. Mfano wa pili: matumbawe yapo, Acropora ipo, lakini vitatange wote wamepungua kwa pamoja. Hapo usikimbilie kulaumu joto. Uliza kuhusu nyavu za matundu madogo, madema, au wakamataji wa samaki wa mapambo, biashara iliyopo pwani ya Kenya. Mfano wa tatu: vifusi vimetapakaa, matawi yamevunjika kwa ghafla, na samaki wa kila aina hawapo. Hiyo mara nyingi ni alama ya baruti au nanga, na BMU au walinzi wanapaswa kuambiwa wiki hiyohiyo.

Usiharakishe hukumu kwa safari moja. Samaki wakubwa huweza kukaa miezi mingi baada ya tumbawe lao kufa, wakikonda polepole, kwa hiyo idadi hushuka baada ya tumbawe, si pamoja nalo. Watoto ndio huonyesha mapema: mwaka ambao hukuona hata mtoto mmoja wa wala matumbawe ni mwaka wa kuongeza safari.

Hatua ya 10: Hifadhi na ugawe

Siku hiyohiyo, kabla chumvi haijakauka kichwani, nakili kibao kwenye daftari: tarehe, saa, hali ya maji, uwazi wa maji kwa makadirio ya mita, majina ya walioshiriki, kisha hesabu. Picha za simu iliyofungwa kwenye mfuko usiopitisha maji zinatosha kuthibitisha spishi unayoitilia shaka; piga ubavu mzima, na ikiwezekana karibu, maana rangi nyekundu na chungwa hupotea kwa umbali. Unaweza kuzipandisha kwenye iNaturalist, tovuti ya kutambua viumbe, ambako watu wanaowajua samaki hawa hukusahihisha.

Nakala ya kila mwaka mpelekee mwenyekiti wa BMU, na nyingine ofisi ya hifadhi iliyo karibu, iwe imeandikwa kwa Kiswahili na jedwali lisizidi ukurasa mmoja. Weka safu nne tu: wala matumbawe, wanaochanganya, watoto, na asilimia ya tumbawe gumu hai. Kijiji kinachotaka kuamua kufunga au kufungua sehemu ya mwamba kinaweza kuusoma ukurasa huo kikaoni, kikauliza maswali, na kumtuma kijana mwingine aende nawe safari ijayo.